Wakimbizi wanaopoteza ujauzito: Kwa nini msiba huu hauonekani, na ni tiba gani inayosaidia?

Mwanamke anapofika katika kituo cha kupokea wakimbizi, huulizwa jina lake, nchi alikotoka na idadi ya watoto aliofuatana nao. Majibu huandikwa, naye hupewa kadi ya mgao. Mimba iliyotoka akiwa njiani, siku ya tatu ya safari ya miguu, haimo katika hesabu hiyo, wala hakuna jamaa aliyekaa matanga kwa ajili yake. Wiki chache baadaye huenda zahanati akilalamika kwamba kichwa kinamuuma, usiku hapati usingizi na moyo unamwenda mbio. Hupewa dawa ya maumivu, akarudi hemani.

Huo ni mfano tu, haumhusu mtu fulani. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka ishirini watafiti wa saikolojia wamekuwa wakikusanya ushahidi unaoeleza kinachompata mwanamke wa namna hiyo, na sehemu muhimu ya ushahidi huo imetoka katika ukanda wetu. Uganda ndiyo nchi inayohifadhi wakimbizi wengi zaidi barani Afrika, zaidi ya milioni 1.7. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, imekuwapo tangu mwaka 1996, ile ya Kakuma nchini Kenya tangu 1992, na kambi za Dadaab tangu 1991. Wapo wanawake waliozaliwa humo, wakaolewa humo, wakabeba mimba humo, na wengine wakazipoteza humo humo.

Wataalamu wanajua nini kuhusu jeraha hili? Na je, linatibika?

Jeraha juu ya jeraha

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanasaikolojia Mjerumani Frank Neuner, pamoja na wenzake Maggie Schauer na Thomas Elbert wa Chuo Kikuu cha Konstanz, walikwenda West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, walikokuwa wakiishi wakimbizi wengi kutoka Sudan. Swali lao lilikuwa rahisi kulitamka lakini gumu kulijibu: kwa nini watu wawili waliokimbia vita vilevile hawaumii sawa?

Timu hiyo iliwahoji maelfu ya watu katika eneo hilo kuhusu matukio ya kutisha waliyoyapitia: kuona mtu akiuawa, kupigwa, kubakwa, kunusurika kifo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha mwelekeo usio na shaka. Miongoni mwa waliotaja matukio matatu au machache zaidi, asilimia 23 walikuwa na dalili kamili za msongo unaofuata kiwewe, yaani ugonjwa ambao mtu huendelea kuliishi tukio la zamani kana kwamba linatokea sasa. Kadiri idadi ya matukio ilivyopanda, ndivyo idadi ya wagonjwa ilivyopanda. Miongoni mwa waliotaja matukio 28 au zaidi, wote walikuwa na ugonjwa huo.

Funzo la utafiti huo ni kwamba kiwewe hujengeka kama ukuta, tofali juu ya tofali. Hakuna mtu aliyeumbwa na nguvu zisizo na kikomo, na aliyekwisha kuumizwa mara nyingi hahitaji pigo kubwa ili aanguke. Hoja hii ndiyo inayotusaidia kuelewa uzito wa kupoteza ujauzito ukimbizini. Kwa mwanamke aliyekimbia vita, mimba inapotoka haiangukii mahali patupu. Huangukia juu ya nyumba iliyochomwa, mume asiyejulikana aliko, na usiku aliolala porini.

Je, kupoteza ujauzito peke yake ni kiwewe?

Kwa muda mrefu, hata hospitalini, kuharibika kwa mimba changa kulichukuliwa kuwa jambo la kawaida linalohitaji kusafishwa kizazi na kusahauliwa. Ni kweli kwamba hutokea mara nyingi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la The Lancet yanasema mimba zipatazo milioni 23 huharibika kila mwaka duniani, takriban asilimia 15 ya mimba zote zinazotambuliwa. Zaidi ya hizo, takriban watoto milioni 2 huzaliwa wakiwa wafu baada ya wiki 28 za ujauzito, karibu nusu yao wakiwa katika nchi za Afrika zilizo kusini mwa Jangwa la Sahara.

Lakini jambo la kawaida si lazima liwe jambo jepesi. Mwaka 2020, watafiti wakiongozwa na Daktari Jessica Farren wa Chuo cha Imperial jijini London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia mamia ya wanawake ambao mimba zao ziliharibika mapema au zilitunga nje ya mji wa mimba. Mwezi mmoja baada ya tukio, asilimia 29 walikuwa na dalili za msongo wa kiwewe. Miezi tisa baadaye, muda ambao mtoto angekuwa amezaliwa, asilimia 18 bado walikuwa nazo. Wengine walikuwa na wasiwasi mkali au sonona.

Hao walikuwa wanawake waliotibiwa katika hospitali za London, wakarudi kwenye nyumba zenye maji, taa na mlango wa kufunga. Kama mmoja kati ya sita miongoni mwao aliendelea kuteseka miezi tisa baadaye, ni vigumu kudhani kwamba yule aliye hemani huumia kidogo zaidi.

Utafiti mwingine, uliofanywa nchini Australia na kuongozwa na Susan Rees, unatoa kipimo cha tofauti hiyo. Ulilinganisha wanawake wajawazito waliohudhuria kliniki za umma: waliofika nchini humo kama wakimbizi na waliozaliwa Australia. Karibu mmoja kati ya watatu wa wakimbizi alikuwa na sonona, ilhali kwa wazawa ilikuwa takriban mmoja kati ya saba. Ikumbukwe kwamba hao tayari walikuwa wamefika kwenye usalama.

Mwili nao hukimbia

Si akili pekee inayobeba mzigo. Mazingira ya ukimbizi yenyewe huongeza uwezekano wa mimba kuharibika. Njaa na upungufu wa damu hudhoofisha mwili. Shinikizo la damu lisilopimwa na kaswende isiyotibiwa huua watoto tumboni. Vipigo vya mume au vya watu wenye silaha hufanya vivyo hivyo.

Malaria ni miongoni mwa sababu zinazofahamika vyema zaidi, na hapa pia ushahidi umetoka kwa wakimbizi. Katika mpaka wa Thailand na Myanmar, Kitengo cha Utafiti wa Malaria cha Shoklo kimewahudumia wajawazito wakimbizi na wahamiaji tangu miaka ya 1980. Mwaka 2012 watafiti wake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 17,613. Waliougua malaria ya dalili katika miezi mitatu ya mwanzo walikuwa na uwezekano wa kuharibikiwa mimba unaokaribia mara nne ya wasiougua. Hata wale waliokuwa na vimelea bila kuhisi homa, uwezekano wao ulikuwa karibu mara tatu.

Maana yake ni kwamba baadhi ya misiba hii huweza kuzuiwa kwa chandarua, kipimo cha damu na dawa. Na maana yake nyingine, ambayo mara nyingi husahaulika, ni kwamba mwanamke anayejilaumu kwa kubeba ndoo nzito au kwa kugombana na mumewe, huenda analibeba kosa ambalo lilikuwa la mbu.

Msiba usio na matanga

Mtaalamu wa masuala ya huzuni wa Marekani, Kenneth Doka, aliipa jina hali hii katika miaka ya 1980. Alizungumzia huzuni isiyotambuliwa: mtu amefiwa, lakini jamii haioni kwamba kuna aliyefariki, kwa hiyo haimpi mfiwa ruhusa ya kulia, wala siku za mapumziko, wala wa kumfariji.

Afrika Mashariki tunaifahamu hali hiyo bila kuhitaji kuambiwa jina lake. Katika jamii nyingi mimba changa haitangazwi kwa kuogopa kijicho, hivyo inapotoka, hutoka kimya kama ilivyoingia. Mtoto aliyezaliwa mfu mara nyingi huzikwa haraka na wazee wachache, pasipo mama kuwapo, na pengine bila hata kumwona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 na timu iliyoongozwa na Elizabeth Ayebare wa Chuo Kikuu cha Makerere, uliowahoji wazazi wa Uganda na Kenya waliopata mtoto mfu, ulionyesha jinsi imani na desturi zinavyoweza kufanya mambo mawili kwa pamoja: kuwakusanya ndugu wamzunguke mfiwa, na wakati huohuo kumnyamazisha.

Mazishi ya haraka hayakubuniwa kwa ukatili. Nia ilikuwa kumkinga mama asione kitakachomwandama maishani. Lakini nyumbani, desturi hiyo ilikuwa na upande wake wa pili. Alikuwapo mama mzazi aliyekuja kupika uji. Alikuwapo shangazi aliyelala naye chumba kimoja kwa siku kadhaa, na mkunga wa kijiji aliyesema, "Pole, mwanangu, hata mimi yalinikuta." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na nyumbani hakukosekana mzazi mwingine wa kuujua pamoja naye.

Ukimbizini, kimya kimebaki lakini shangazi hayupo. Desturi imesafiri nusu.

Wanaume nao wamo katika mkasa huu. Baba aliyezoea kuitwa mlinzi wa nyumba, sasa hana kazi, hana shamba, na hakuweza kumfikisha mkewe hospitalini. Aghalabu hakuna anayemuuliza hali yake, na huzuni yake hugeuka ulevi au hasira, hasira ambayo mara nyingi humrudia mke yuleyule aliyefiwa.

Kamba, maua na mawe

Baada ya kupima ukubwa wa tatizo, Neuner na wenzake waligeukia swali la tiba. Walihitaji njia fupi, isiyohitaji jengo la hospitali, na ambayo mtu asiye daktari angeweza kufundishwa. Waliyoiandaa inajulikana kama tiba ya masimulizi ya maisha.

Huanza hivi. Kamba hutandazwa sakafuni. Mwanzo wake ni siku mtu alipozaliwa. Sehemu iliyobaki imeviringishwa, kwa sababu ndiyo maisha ambayo bado hayajaishiwa. Kisha mgonjwa hupanga vitu juu ya kamba hiyo kwa mfuatano wa miaka. Ua ni siku njema: harusi, mavuno, rafiki wa shuleni. Jiwe ni tukio la kutisha. Baadaye mishumaa iliongezwa kwa ajili ya vifo na huzuni. Katika vikao vinavyofuata, mgonjwa husimulia maisha yake tangu mwanzo, na kila anapofika kwenye jiwe husimama. Mshauri humuuliza taratibu: uliona nini, ulisikia nini, mwili ulihisi nini, uliwaza nini, na sasa unaposimulia, mwili unahisi nini? Mshauri huandika, na katika kikao kinachofuata humsomea maandishi hayo ili ayasahihishe. Mwishoni mgonjwa huondoka na hadithi yake nzima, imeandikwa.

Nadharia iliyo nyuma yake ni kwamba kumbukumbu ya kutisha huhifadhiwa vipande vipande: harufu, sauti, woga, bila tarehe wala mahali. Ndiyo maana humrukia mtu wakati wowote, kana kwamba ni leo. Kuisimulia kwa mpangilio huirudisha mahali pake: ilitokea pale, mwaka ule, ikaisha.

Tiba hiyo ilijaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi, Uganda, kwa wakimbizi 43 wa Sudan. Mwaka mmoja baada ya matibabu, asilimia 29 tu ya walioipata walikuwa bado na ugonjwa, ikilinganishwa na takriban asilimia 80 ya waliopewa ushauri nasaha wa kawaida au elimu kuhusu ugonjwa pekee.

Jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2008, lilifanyika katika makazi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, na lilihusisha wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia. Safari hii walioitoa tiba hawakuwa wanasaikolojia wa Ulaya bali washauri waliofunzwa kutoka katika jamii ya wakimbizi wenyewe. Baada ya vikao sita na miezi kadhaa ya ufuatiliaji, asilimia 70 ya waliopata tiba ya masimulizi hawakuwa tena na ugonjwa. Kwa waliopata aina nyingine ya ushauri kuhusu kiwewe ilikuwa asilimia 65, na kwa waliofuatiliwa tu bila tiba, asilimia 37. Waliokatiza tiba ya masimulizi walikuwa asilimia 4 tu, ilhali kwa ule ushauri mwingine walikuwa asilimia 21.

Majaribio hayo hayakuandaliwa kwa ajili ya kupoteza ujauzito pekee. Yaliwahusu watu waliopitia mambo mengi. Lakini umuhimu wake kwa mada hii uko palepale: kamba haimuulizi mtu ni msiba upi unaostahili kuhesabiwa. Mimba iliyotoka njiani, ambayo haikuwa na nafasi katika daftari la usajili, hupata nafasi yake kati ya mawe mengine, na kwa mara ya kwanza mtu mwingine huisikiliza hadi mwisho.

Si kila anayelia ni mgonjwa

Wataalamu hutoa tahadhari hapa. Huzuni si ugonjwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa mwaka 2013 unaonya kwamba waliofiwa wasipelekwe wote kwenye tiba rasmi za kisaikolojia kama hawana dalili za ugonjwa wa akili, na wasipewe dawa za kutuliza za kundi la diazepamu kwa sababu tu wamefiwa. Wengi hupona kwa muda, kwa msaada wa watu wao. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa inayotumika tangu mwaka 2022, huzuni huhesabiwa kuwa ugonjwa pale tu inapodumu angalau miezi sita, kupita kiasi cha mila za mhusika, na kumzuia kuendesha maisha yake.

Kwa walio katikati, wanaoteseka lakini hawajaugua sana, zipo njia nyepesi zaidi. Mojawapo ilijaribiwa katika makazi ya Rhino Camp, West Nile, na timu ya mwanasaikolojia Wietse Tol, ikashirikisha wakimbizi wanawake 694 wa Sudan Kusini katika vijiji 14. Wanawake walikutana katika vikundi mara tano, wakasikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha wanayoielewa na kupewa kitabu cha michoro. Walijifunza kupumua, kutulia, na kutoburutwa na mawazo mazito. Waliowaongoza walikuwa wamepata mafunzo mafupi tu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba miezi mitatu baadaye msongo wao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao wa vijiji vya kulinganisha.

Herufi moja inayoweza kuumiza

Kama tiba zipo, kwa nini haziwafikii wengi? Fedha ni jibu la kwanza. Mwaka 2025 misaada ya kimataifa ilipopunguzwa, mgao wa chakula ulikatwa katika kambi za Kenya na Uganda, na pale chakula kinapokatwa, mshauri nasaha hawezi kusalimika.

Jibu la pili ni lugha. Mkimbizi mara nyingi huzungumza na daktari kupitia mkalimani, na mkalimani huyo huweza kuwa jirani, jamaa wa mume, au mtu wa kabila alilolikimbia. Siri ya ndani kabisa ya mwanamke hupitia kinywa cha mtu atakayekutana naye kesho bombani.

Hata mkalimani mwaminifu anaweza kuteleza. Kwa Kiswahili, kati ya mimba kutoka na mimba kutolewa kuna hatua fupi sana. "Kutoka" na "kutoa" zinatofautiana kwa herufi moja, lakini ya kwanza ni msiba na ya pili ni shutuma, na katika nchi zetu inaweza kuwa kosa la jinai. Hatari huongezeka kwa sababu Kiingereza cha madaktari hutumia neno moja la kitaalamu kwa hali zote mbili. Mkalimani asiyejua hilo humuuliza mwanamke anayevuja damu, "Kwa nini ulitoa?" Swali hilo likishaulizwa, mazungumzo yamekwisha, na pengine hatarudi tena zahanati.

Nini kinaweza kufanywa?

Mwaka 2022 WHO ilitoa mwongozo wa kuingiza huduma za afya ya akili ndani ya huduma za uzazi na mtoto. Wazo lake ni kwamba mwanamke asilazimike kwenda kwenye jengo lenye kibao cha wagonjwa wa akili. Mkunga yuleyule anayempima shinikizo la damu aweze pia kumuuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula na mawazo yake. Kipimo kinachotumika sana duniani, kilichoandaliwa Edinburgh mwaka 1987, kina maswali 10 tu na huhusu siku saba zilizopita.

Mambo mengine hayahitaji bajeti. Mkunga anaweza kumuuliza mama kama angependa kumwona mtoto wake, badala ya kumwamulia. Anaweza kumweleza kwa maneno mepesi kilichotokea, na kwamba si kosa lake. Anaweza kumlaza mbali na wodi ya waliojifungua salama. Familia inaweza kuacha kusema "utapata mwingine", ikasema "pole" na kukaa naye.

Zipo pia dalili zisizopaswa kusubiri. Damu nyingi isiyokoma, homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu mbaya baada ya mimba kutoka ni sababu ya kwenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mwanamke anayesema hana haja ya kuishi, asiyekula, au asiyejali watoto wake wengine: asiachwe peke yake, na apelekwe kwa mhudumu wa afya bila kulaumiwa.

Katika tiba iliyojaribiwa Imvepi na Nakivale, kila msimulizi huanza kwa kuulizwa nini kilitokea, kisha akapewa muda wa kujibu. Kwa mwanamke aliyepoteza ujauzito akiwa njiani kutafuta usalama, swali hilo linaweza kuwa la kwanza kuulizwa na mtu yeyote tangu alipovuka mpaka.